Watafiti wakija kuuliza kuhusu dawa za akili: nafasi ya mgonjwa na nafasi ya mlezi

Ukurasa huu ni kwa ajili yako mama, bibi, dada, baba au mlezi mwingine unayemtunza mtu anayetumia dawa za afya ya akili. Ni kwa ajili yako pia ikiwa dawa hizo unazitumia mwenyewe. Utasoma hapa utafiti wa elimu ya dawa ni nini, kwa nini watumiaji wa huduma wanapaswa kuwamo tangu mwanzo, haki zenu ni zipi, na mambo gani ya kuuliza kabla hujakubali.

Kwa ufupi:

- Utafiti wa elimu ya dawa hutafuta njia nzuri zaidi ya kuwaeleza watu dawa zao: zinafanya kazi gani, zinaleta maudhi gani, na zinatumiwaje nyumbani.
- Anayemeza dawa na anayemtunza wanajua mambo yasiyoonekani ndani ya chumba cha daktari. Mambo hayo yakikosekana kwenye mafunzo, watu huacha dawa kimyakimya na ugonjwa hurudi.
- Kushiriki ni hiari. Ukikataa, huduma yako haipaswi kupungua hata kidogo.
- Usiache wala usibadilishe dawa kwa sababu ya ulichosoma hapa au ulichosikia kwenye kikao cha utafiti. Zungumza kwanza na mhudumu wa afya.

Utafiti wa elimu ya dawa ni nini?

Katika kliniki nyingi, elimu ya dawa hutolewa dirishani, foleni ikiwa ndefu nyuma yako. Unaambiwa, "Hii kimoja asubuhi, hii viwili usiku, urudi mwezi ujao." Kwenye bahasha ya dawa pameandikwa 1 x 2. Aliyezoea anajua kuwa ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku. Asiyezoea anaweza kumpa mgonjwa viwili kwa mara moja, na asiulize kwa sababu anaona aibu.

Watafiti wa elimu ya dawa wanataka kujua watu wanaelewa nini baada ya kutoka dirishani, wanakumbuka nini wakifika nyumbani, na njia gani ingewasaidia zaidi. Wanaweza kufanya mahojiano ya mtu mmoja mmoja, kuitisha majadiliano ya kikundi, kujaribu kipeperushi, picha au ujumbe wa simu, au kulinganisha kundi lililopata mafunzo mapya na kundi lililopata huduma ya kawaida.

Kwa kawaida utafiti wa aina hii haubadilishi dawa ya mgonjwa. Kinachojaribiwa ni maelezo. Ukiambiwa kwamba dawa yenyewe itabadilishwa, itaongezwa au itasimamishwa, basi huo ni utafiti wa dawa. Una hatari zake, unahitaji maelezo yake na ridhaa yake. Uliza waziwazi: "Dawa za mwanangu zitabaki vilevile?"

Kwa nini anayemeza dawa awepo?

Madhara ya dawa hizi yameandikwa vitabuni, na daktari ameyasoma. Kitabu hakimwambii ni lipi kati ya hayo linalomfanya mtu avitupe vidonge chooni, wala ni maneno gani yangemzuia. Hilo linajulikana nyumbani. Angalia mifano hii.

Hedhi na maziwa. Baadhi ya dawa za magonjwa makali ya akili, kama haloperidoli na risperidoni, zinaweza kuongeza homoni ya maziwa mwilini. Hedhi ya mwanamke inaweza kukoma, na maziwa yanaweza kutoka ingawa hana mtoto mchanga. Binti asiyeambiwa mapema hudhani ana mimba, au ndugu humdhania hivyo, na nyumba huingia kwenye ugomvi. Mwingine hudhani hawezi tena kushika mimba, naye anaweza. Sentensi mbili dirishani zingeepusha yote hayo, lakini si rahisi msichana kumtajia daktari wa kiume jambo hilo mbele ya baba yake.

Uzazi wa mpango. Kabamazepini, dawa inayotumiwa kwa kifafa na wakati mwingine kwa ugonjwa wa kubadilika kwa hisia, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vya vipandikizi. Sindano ya miezi 3 na kitanzi haviathiriwi hivyo. Dawa ya akili inatolewa chumba kimoja na uzazi wa mpango chumba kingine, na anayetembea kati ya vyumba hivyo viwili ni mama mwenyewe. Yeye ndiye anayeona kwamba hakuna aliyemwambia habari za upande wa pili.

Njaa. Olanzapini huongeza hamu ya kula na uzito kwa watu wengi. Kwenye kipeperushi hilo ni neno moja tu, "kunenepa". Katika nyumba inayopika mara moja kwa siku, lina maana kijana anaamka usiku na kumaliza chakula cha wadogo zake. Vilevile, maneno "meza baada ya kula, asubuhi na jioni" ni magumu kwa asiyekuwa na chakula cha asubuhi. Wapo wanaoruka dozi kwa kuamini kwamba bila chakula dawa haimezwi kabisa.

Shingo kupinda. Saa au siku chache baada ya kuanza dawa kama haloperidoli, mtu anaweza kukaza shingo, macho yakageuka juu au ulimi ukawa mzito. Hali hii inatisha, lakini inatibika haraka hospitalini. Familia isiyoambiwa huona mashetani yamezidi, nayo humkimbiza mgonjwa mahali pengine. Dawa hulaumiwa na hairudiwi tena. Aliyewahi kuonywa hujua kwamba anapaswa kurudi kituoni siku hiyohiyo.

Kusubiri. Dawa nyingi za sonona huhitaji wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana wazi, ilhali maudhi kama kichefuchefu huja siku za mwanzo. Asiyeelezwa mpangilio huo huona dawa inamuumiza bila kumsaidia, naye huiacha wiki ya kwanza.

Majina. Wengi huziita dawa zote hizi "dawa za usingizi". Jina hilo likizoeleka, anayelala vizuri huona hana haja ya dawa, na anayezitumia huogopa kuitwa mraibu. Mtafiti asiyekaa na watumiaji ataandika kipeperushi kizuri kuhusu dawa ambayo mtaani ina jina lingine na maana nyingine.

Anayeuliza hubadilisha jibu

Je, haitoshi watafiti kuwahoji wagonjwa kisha wakaandika wenyewe? Mfano mmoja kutoka Uingereza unaonyesha kwamba haitoshi. Unahusu tiba ya umeme kwa sonona kali, si vidonge, lakini funzo lake linahusu maelezo yote wanayopewa wagonjwa.

Kwa miaka mingi wagonjwa nchini humo walielezwa kwamba zaidi ya asilimia 80 ya waliopata tiba hiyo waliridhika, na kwamba tatizo la kusahau halina uzito. Mwaka 2003 Diana Rose na wenzake wa King's College London, baadhi yao wakiwa wamewahi kupata tiba hiyo wenyewe, walichapisha uchambuzi wa tafiti zilizokuwa zimefanywa na madaktari pamoja na zile zilizofanywa na watumiaji wa huduma au kwa kushirikiana nao. Matokeo yalitofautiana sana. Katika tafiti za madaktari wengi walisema wamenufaika. Pale watumiaji walipohusika, kiasi hicho kilikuwa kidogo zaidi. Aidha, walau theluthi moja ya wagonjwa walieleza kwamba kumbukumbu zao zilipotea na hazikurudi.

Tofauti ilitokana na namna ya kuuliza. Madaktari mara nyingi waliuliza mapema baada ya tiba, wakiwa hospitalini, kwa maswali machache. Fikiria wewe mwenyewe: ukiulizwa na daktari anayekutibu, ndani ya wodi yake, kama tiba imekusaidia, utajibu nini? Wengi tutasema, "Nashukuru daktari." Ni adabu. Ukiulizwa na mtu aliyepitia hali kama yako, mkiwa mmekaa mahali tulivu miezi kadhaa baadaye, jibu litakuwa refu zaidi.

Mama waliopaza sauti: habari ya valproeti

Mfano wa pili unawahusu mama moja kwa moja. Sodiamu valproeti ni dawa ya kifafa, na hutumiwa pia kwa ugonjwa wa kubadilika kwa hisia, ule ambao mtu huwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi na vipindi vya huzuni nzito. Inafanya kazi vizuri. Lakini ikitumiwa wakati wa ujauzito, karibu mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro za maumbile, na watoto 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji na kujifunza.

Nchini Uingereza dawa hii ilianza kutumika miaka ya 1970. Wanawake wengi waliendelea kuitumia bila kuelezwa hatari hiyo kwa namna ambayo wangeielewa na kuamua. Mama waliozaa watoto walioathirika walitafutana, wakaunda vikundi na kudai majibu. Ufaransa, mama mmoja, Marine Martin, ambaye watoto wake wawili waliathirika, alianzisha chama cha wazazi mwaka 2011.

Mwaka 2018 Uingereza iliweka masharti kwamba valproeti isipewe mwanamke anayeweza kushika mimba isipokuwa yuko kwenye mpango maalumu wa kuzuia mimba, akiwa ameelezwa hatari hizo. Mwaka 2020 tume huru iliyoongozwa na Julia Cumberlege ilitoa ripoti yake baada ya kuwasikiliza wagonjwa na familia nyingi. Ilisema wazi kwamba wagonjwa, hasa wanawake, walikuwa wamepuuzwa walipolalamika. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisisitiza kwamba wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wasipewe valproeti, kwa sababu ya hatari hizo kwa mtoto.

Tazama hapa: elimu kuhusu hatari ya valproeti ilikuwapo kwenye majarida ya kitabibu muda mrefu kabla ya kumfikia mama kliniki. Kama wanawake wanaoitumia wangekuwa mezani tangu mwanzo pale maelezo yalipoandikwa, swali "Je, nikitaka kuzaa?" lingeulizwa siku ya kwanza.

Muhimu: ikiwa wewe au binti yako mnatumia valproeti, msiiache ghafla. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege kali au kurudisha ugonjwa. Nendeni kliniki mapema mkaulize kuhusu dawa nyingine na uzazi wa mpango. Kama tayari kuna ujauzito, nendeni haraka zaidi.

Mfano wa karibu: Tanzania

Huku kwetu watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, walifanya utafiti ulioitwa Kuwezeshana Kupata Uzima, kwa kifupi KUPAA. Ulifanyika Dar es Salaam na Mbeya, kwa watu wenye skizofrenia na magonjwa yanayofanana nayo. Waliandikishwa wawili wawili: mgonjwa pamoja na ndugu anayemtunza, kisha familia kadhaa zikakutana kwa pamoja kujifunza kuhusu ugonjwa, dawa na namna ya kutatua matatizo ya kila siku.

Mafunzo ya aina hii yalianzia nchi nyingine. Yasingefaa kubebwa yalivyo. Kwa hiyo kazi ilianza kwa kuwasikiliza vijana wagonjwa na ndugu zao: wanaelewaje ugonjwa, nani huamua nyumbani mgonjwa aende hospitali au kwa mganga, na matumaini yao ni yapi. Hata jina lenyewe halisemi "kumfundisha mgonjwa". Linasema kuwezeshana, yaani kila upande una cha kumpa mwenzake.

Kushiriki kuna ngazi

Neno "kushirikishwa" hutumiwa kwa mambo tofauti. Ni vizuri ujue umeitwa kwa lipi.

1. Kujibu maswali. Unahojiwa au unajaza dodoso. Ni mchango wa kweli, lakini maswali wameyatunga wengine.
2. Kushauri. Unaonyeshwa rasimu ya kipeperushi au maswali ya utafiti, unasema kipi hakieleweki na kipi kimesahauliwa.
3. Kuwa mtafiti mwenza. Unapewa mafunzo, unasaidia kutunga maswali, kuhoji wenzako na kujadili maana ya majibu. Unalipwa kwa kazi hiyo.
4. Kuongoza. Watumiaji wenyewe huchagua jambo la kutafitiwa na kusimamia kazi, wataalamu wakiwa wasaidizi.

Si lazima kila mtu apande hadi ngazi ya juu. Mama mwenye mtoto mgongoni na genge la mboga la kusimamia anaweza kuchagua ngazi ya pili kwa saa mbili tu, na saa hizo zikawa na faida kubwa. Kisichofaa ni kuambiwa uko ngazi ya tatu huku ukitendewa kama wa ya kwanza.

Mgonjwa na mlezi: viti viwili, si kimoja

Watafiti wakifika nyumbani, mara nyingi huzungumza na mama. Ndiye anayepatikana, anayekumbuka tarehe na anayeeleza kwa mpangilio. Lakini mama na mwanawe hawaoni dawa kwa jicho moja.

Mlezi hutazama utulivu: amelala, hapigi kelele, haondoki usiku, tumepumzika. Mgonjwa hutazama mwili wake: mikono inatetemeka, udenda unamtoka mbele za watu, hawezi kuamka mapema kwenda kwenye kazi ya kibarua, na nguvu za ndoa zimepungua. Wote wawili wanasema kweli. Elimu ya dawa iliyotokana na mlezi peake itasisitiza "hakikisha anameza". Iliyotokana na mgonjwa itaongeza "nisikilizeni ninaposema inaniumiza, dozi ipunguzwe au dawa ibadilishwe kabla sijaiacha".

Kuna jambo ambalo nyumba nyingi hulificha: kuchanganya dawa kwenye uji au chai bila mgonjwa kujua. Walezi hufanya hivyo kwa uchovu na woga, si kwa ubaya. Hata hivyo lina hatari zake. Baadhi ya vidonge havifai kusagwa, dozi haijulikani kikombe kikibaki nusu, na mgonjwa akigundua huacha kuamini hata chakula cha nyumbani. Mlezi hawezi kulisema jambo hili mwanawe akiwa ameketi kando yake. Mgonjwa naye hawezi kusema anavyovitema vidonge mama akiwa anamtazama. Ndiyo maana utafiti mzuri huwahoji kila mmoja peke yake kwanza, kisha huwakutanisha ikiwa wote wanataka.

Wewe mlezi, unaweza kusaidia kwa kusema: "Mimi nitaeleza ya kwangu. Ya kwake muulizeni mwenyewe." Kama amezidiwa siku hiyo, watafiti wasubiri apate nafuu. Kuwa na ugonjwa wa akili hakumwondolei mtu uwezo wa kuamua. Wengi wana uwezo huo siku nyingi, wakielezwa polepole kwa lugha wanayoijua.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi ndiye anayetoa ridhaa. Mtoto anayeweza kuelewa aulizwe pia. Akisema hataki, asilazimishwe.

Haki zako

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unazitaka nchi kuwashirikisha watu wenye ulemavu, wakiwemo wenye ulemavu wa akili, katika maamuzi yanayowahusu. Uganda na Kenya ziliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Kauli inayotumiwa na vyama vya watu wenye ulemavu ni fupi: lisifanyike lolote kuhusu sisi bila sisi.

Katika utafiti wowote halali una haki hizi:

- Kuelezwa kwa lugha unayoielewa, na kuuliza mpaka uridhike. Kama husomi, usomewe mbele ya shahidi unayemwamini.
- Kupewa muda wa kufikiri na kushauriana na watu wako. Fomu ya ridhaa si lazima isainiwe siku hiyohiyo.
- Kukataa, au kujitoa baada ya kuanza, bila kutoa sababu na bila kupoteza huduma.
- Kutunziwa siri. Jina lako, picha na sauti visitumike bila ruhusa yako. Uliza pia watakupigiaje simu, kama simu mnatumia watu kadhaa nyumbani, na watasema wanatoka wapi.
- Kubaki na nakala ya maelezo yenye majina na namba za kuwasiliana nao.

Utafiti wa afya lazima upate kibali cha kamati ya maadili. Tanzania, kamati ya kitaifa iko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Kenya, watafiti huhitaji kibali cha kamati ya maadili inayotambuliwa pamoja na leseni ya NACOSTI. Una haki ya kuomba kuonyeshwa kibali. Mtafiti mzuri hakasiriki ukimwomba.

Maswali ya kuuliza kabla hujakubali

1. Mnatafuta nini hasa, na nani alichagua swali hilo?
2. Je, kuna watumiaji wa huduma kwenye timu yenu? Wanafanya kazi gani?
3. Dawa zetu zitabadilishwa?
4. Tutakutana mara ngapi, wapi, na kwa muda gani? Naweza kuja na mtoto?
5. Mtarudisha nauli na kugharamia chakula? Nikifanya kazi ya ushauri, nitalipwa nini?
6. Nikisema kituo kimenihudumia vibaya, wahudumu watajua ni mimi?
7. Mazungumzo yakinirudisha kwenye machungu, nani atanisaidia siku hiyo?
8. Mtarudi lini kutueleza mlichogundua?
9. Kipeperushi au mafunzo haya yatabaki kliniki kwetu mradi ukiisha?

Swali la nane na la tisa husahauliwa sana. Usione aibu kuyauliza mapema.

Dalili za kushirikishwa kwa jina tu

- Umeitwa kipeperushi kikiwa kimeshachapishwa, na unachoombwa ni kukisifu.
- Mtumiaji mmoja amewekwa kati ya wataalamu kumi, na mazungumzo yanaendeshwa kwa Kiingereza na vifupisho.
- Wanakupiga picha mapema kuliko wanavyokuuliza maoni.
- Aliyekutibu ndiye anayekuhoji kuhusu tiba aliyokupa.
- Maoni yanayowakosoa wahudumu hayaandikwi.

Ukiona haya, unaweza kulalamika kwa kiongozi wa utafiti, kwa kamati ya maadili iliyotajwa kwenye fomu, au ukajitoa.

Jinsi ya kujiandaa

Huhitaji elimu ya juu. Unahitaji kumbukumbu za nyumbani. Chukua daftari dogo, na kwa wiki mbili andikeni, kila mmoja upande wake:

- Dawa gani, saa ngapi, na dozi gani iliyorukwa na kwa sababu gani.
- Kilichobadilika mwilini: usingizi, njaa, hedhi, kutetemeka, choo, hamu ya ndoa.
- Jambo ambalo mngependa mngeambiwa siku ya kwanza.
- Neno la mhudumu ambalo hamkulielewa.

Mkipewa kipeperushi mkijaribu, msikisome kimoyomoyo na kusema "kizuri". Kisomeni kwa sauti, kisha kila mmoja aeleze kwa maneno yake afanye nini kesho asubuhi. Mkitoa majibu mawili tofauti, tatizo ni la kipeperushi. Mwambieni mtafiti hivyo, na mwonyesheni mstari wenyewe.

Daftari hilo lina kazi hata kama hakuna utafiti unaokuja. Lipeleke kliniki. Daktari mwenye dakika tano ataona kwa haraka asichoweza kukipata kwa kuuliza, "Mnaendeleaje?"

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Je, nikishiriki mwanangu atapona haraka? Usitegemee hivyo. Utafiti hukusanya maarifa ambayo huenda yakawasaidia zaidi watakaokuja baadaye. Huenda mkajifunza mambo yatakayowafaa, lakini anayekuahidi uponyaji ili ukubali anakupotosha.

Pesa wanazotoa ni malipo ya kukubali? Nauli na fidia ya muda ni haki. Hazikununui. Unaweza kupokea nauli ya leo na kesho ukajitoa.

Tunatumia pia dawa za asili na maombi. Tuseme? Semeni. Baadhi ya mitishamba huweza kugongana na dawa za hospitali, na elimu ya dawa isiyojua hilo haitamfaa mtu. Mtafiti hakuja kuwahukumu.

Majirani wakijua je? Omba mkutane kituoni au mahali pengine msipojulikana, na gari lenye nembo lisisimame mlangoni. Ni ombi la kawaida.

Usisubiri kikao cha utafiti ikiwa:

- Shingo, taya au macho yamekaza ghafla baada ya dawa.
- Ana homa kali pamoja na mwili mgumu na kuchanganyikiwa.
- Ametokwa na vipele au malengelenge baada ya kuanza dawa mpya.
- Anazungumzia kufa au kujidhuru.

Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu mara moja, ukiwa na dawa zote anazotumia ndani ya mfuko.

Kumbuka

Daktari anaijua dawa, mgonjwa anajua inavyomfanya, na mlezi anajua siku inavyokwenda ikimezwa na isipomezwa. Elimu ya dawa inayofaa huandikwa na wote watatu. Siku utakapoitwa, nenda na daftari lako, na hakikisha mgonjwa naye amepata kiti chake.